Opsio Zetu Zilitoka Wapi? Kutoka Shamba la Misheni hadi Exetat



Kila mwaka masomo yakikaribia kuisha, kuna swali moja linazunguka ndani ya kila nyumba yenye mtoto wa mwaka wa nane: "Utachukua opsio gani?" Linaulizwa kama vile mtoto amesimama mbele ya duka lililojaa vitu. Kwa kweli wengi wanachagua kati ya opsio mbili au tatu tu, zile ziko kwenye shule ya karibu, pale mtu anafika kwa miguu na kurudi nyumbani kula. Pedagojia iko karibu kila pahali. Biokimia na komersiale ziko hapa na pale. Ushonaji uko penye mashine kadhaa. Na kilimo? Kwetu watu wanaishi kwa muhogo, mawese, mpunga na ndagala, lakini opsio ya kilimo ni ya kutafuta kwa tochi.

Mimi nimesoma agronomia chuo kikuu, njo maana jambo hili limenikaa moyoni. Nataka tuangalie historia yake: nani alipanga orodha hii ya opsio, alikuwa anatafuta nini, na kwa nini kilimo kiliwekwa pembeni mahali penye wakulima. Hoja yangu ni moja. Orodha tuliyo nayo haikutengenezwa kwa kuangalia mtoto wala kijiji. Kwanza ilitengenezwa kwa kuangalia watumishi ambao mkoloni aliwahitaji. Baadaye ikabaki kwa sababu ya kitu kinachoweza kufundishwa kwa makuta kidogo. Mtu akijua hivyo, anachagua kwa macho wazi.

Tukumbushane kwanza mpango wenyewe. Kwa sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014, mtoto anasoma miaka 8 ya elimu ya msingi: 6 ya shule ya msingi tuliyoijua zamani, na 2 ya juu yake, mwaka wa saba na wa nane. Baada ya hapo kuna miaka 4 ya humanite, na hapo ndipo opsio inaanza. Mwishoni kuna Exetat, mtihani wa serikali, na mwenye kupita anapata diploma ya Serikali. Kwa hiyo mtoto wa miaka 14 anaulizwa swali ambalo jibu lake litamfuata mpaka chuo kikuu, na wakati mwingine mpaka uzeeni.

Sasa turudi nyuma.

Mwaka 1906, Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II ilifanya mapatano na Vatikani. Kila kituo cha misheni ya Kikatoliki kingepewa ardhi ya kulima ya hekta 100, na zingeweza kuongezwa mpaka 200. Misheni nazo ziliahidi kufungua shule, na ndani ya programu ya shule hizo kulikuwa na mafunzo ya kilimo na ufundi wa mikono. Ukisoma hivyo unaweza kusema: kumbe kilimo kilikuwa mwanzoni kabisa! Ndiyo, kilikuwepo. Lakini kilikuwepo namna gani? Mtoto alishika jembe kwenye shamba la misheni, na shamba hilo lililisha misheni. Mara nyingi kilimo kilikuwa kazi ya asubuhi au ya jioni, na elimu yenyewe ikawa ile ya ndani ya darasa.

Mwaka 1929 serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilitoa mpango wa masomo ambao watu waliuita kitabu cha njano kwa sababu ya rangi ya jalada lake. Mpango huo ulikuwa na shule ya msingi ya daraja mbili, na juu yake shule maalum za aina tatu: shule ya walimu, shule ya makarani, na shule ya mafundi. Ziangalieni vizuri hizo tatu. Shule ya walimu ni bibi wa pedagojia yetu. Shule ya makarani ni bibi wa komersiale. Shule ya mafundi ni bibi wa opsio zote za ufundi. Mwalimu kwa ajili ya shule za misheni, karani kwa ajili ya ofisi na kampuni, fundi kwa ajili ya majengo. Wale walioonekana kuwa na akili sana walielekezwa seminari, kwenye Kilatini. Kwa watoto wa kike kulikuwa na mafunzo ya nyumbani: kupika, kushona, usafi. Leo binti anapoambiwa "wewe chukua ushonaji" kabla hata hajaulizwa anapenda nini, sauti inayosema hivyo ina umri wa karibu miaka mia. Ushonaji ni kazi nzuri na unalisha watu wengi huku kwetu. Shida ni pale anapopewa kwa sababu ya kuwa msichana.

Wakati shule inapangwa hivyo, nje ya shule kilimo kilikuwa kinachukua sura nyingine. Tangu mwaka 1917 serikali ilikuwa imeruhusu mazao ya lazima: mtu analazimishwa kulima pamba au chakula kwa kipimo alichopangiwa, na asipofanya anaadhibiwa. Katika bonde la Ruzizi, hapo kaskazini mwetu, pamba ilikuwa sehemu ya maisha ya kulazimishwa namna hiyo. Sheria ya mwaka 1933 iliweka siku 60 kwa mwaka za kazi ya lazima. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mwaka 1942, zikapandishwa mpaka 120. Na unajua kazi hizo ziliitwaje kwenye maandishi ya serikali? Kazi za elimu! Eti zinamfundisha mwananchi kupenda kazi.

Hapo ndipo penye jeraha. Kama babu yako alijifunza kilimo kwa kiboko, na kijana pekee aliyeponea shamba la lazima ni yule aliyekuwa karani au mwalimu, basi babu atamwambia mtoto wake nini? Atamwambia: soma ili utoke kwenye jembe. Na yule mtoto atamwambia hivyo mtoto wake. Leo mzazi wa Mboko akisikia opsio ya kilimo anauliza, "Nimlipie mtoto shule ili aje kushika jembe? Jembe si liko hapa nyumbani?" Tusimcheke. Anasema kitu ambacho historia ilimfundisha.

Na tusidhani Wabelgiji hawakujua agronomia. Mwaka 1933 waliunda taasisi ya INEAC, makao yake yakiwa Yangambi, kando ya mto Kongo. Ilikuwa moja ya vituo vikubwa vya utafiti wa kilimo katika Afrika ya joto. Ilikuwa na kituo hata hapa Kivu, Mulungu, upande wa Bukavu. Leo tunaiita INERA. Wataalamu wa wakati ule walijua pia ziwa letu: mwishoni mwa miaka ya 1950 walibeba samaki wadogo wa jamii ya ndagala kutoka Tanganyika na kuwaachia ndani ya Ziwa Kivu. Leo watu wa Bukavu na Goma wanawaita sambaza na wanawala kila siku. Elimu ya kilimo na ya samaki ilikuwepo, na ilikuwa ya juu. Lakini Mkongo aliingizwa kama kibarua, au akijitahidi sana, kama msaidizi. Huko Kisantu, katika Kongo ya Chini, Chuo Kikuu cha Louvain kilikuwa na kituo cha kufundisha wasaidizi wa kilimo tangu miaka ya 1930. Neno ni hilo: wasaidizi.

Shule ya sekondari kamili kwa Mkongo ilianza kufunguka na mageuzi ya mwaka 1948. Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954, na cha Elisabethville mwaka 1956. Uhuru ulipofika mwaka 1960, hesabu inayotajwa mara nyingi ni wahitimu 16 tu wa chuo kikuu kwa nchi nzima. Thomas Kanza, Mkongo wa kwanza asiye padri kupata shahada ya chuo kikuu kule Louvain mwaka 1956, alisomea saikolojia na elimu. Hata kwa aliyefika mbali hivyo, njia ilikuwa inapita bado upande wa shule na ualimu.

Baada ya uhuru kulikuwa na wazo zuri. Kuanzia mwaka wa masomo wa 1961-1962, serikali ilianzisha miaka miwili ya kumwelekeza mtoto kabla ya kuchagua seksio. Kusudi lilikuwa kumwangalia: mtoto huyu ana mkono wa nini, ana moyo wa nini? Miaka hiyo miwili ndiyo mwaka wa saba na wa nane wa leo. Kwa hiyo, wadogo zetu, mwaka wa nane haukuwekwa ili muhesabu siku tu. Uliwekwa ili mwalimu awajue na nyie mujijue.

Lakini kwetu Fizi wazo hilo lilikuta moto. Mwaka 1964 uasi ulichukua Uvira, Fizi na Baraka. Tarehe 28 Novemba ya mwaka huo mapadri watatu na bruda mmoja waliuawa Baraka na Fizi, wale waliotangazwa wenye heri kule Uvira mwezi wa nane 2024. Mwaka 1965 Che Guevara alikaa miezi saba katika milima yetu. Halafu maki ya Laurent-Désiré Kabila ikadumu huko juu kwa miaka mingi. Wakati Kinshasa inapanga seksio na programu, familia nyingi za kwetu zilikuwa msituni au ng'ambo ya ziwa. Mtoto asiye na darasa hana opsio.

Mwaka 1967 ukaja Exetat. Mtihani mmoja kwa nchi nzima, na kila opsio ina maswali yake. Munajua zile siku: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsio. Kabla yake kuna insha ya Kifaransa, na kwa opsio za ufundi kuna jury ya mazoezi. Exetat ilileta haki fulani, maana mtoto wa Mboko na mtoto wa Kinshasa wa opsio moja wanajibu maswali yaleyale. Lakini ilileta pia hesabu mpya: wazazi na hata shule walianza kutafuta opsio yenye asilimia, badala ya opsio yenye mafunzo. Na jury ya mazoezi inataka mazoezi. Shule isiyo na shamba wala maabara inaona heri ibaki na opsio ya karatasi.

Hapo tunafika kwenye makuta. Tarehe 30 Desemba 1974 Mobutu alitaifisha shule zote, na mwaka 1977 akazirudisha mikononi mwa makanisa kwa mapatano, njo maana tuko na shule za konvensio mpaka leo. Sheria ya mwaka 1986 ikaruhusu watu binafsi kufungua shule. Lakini serikali ilikuwa tayari imefilisika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikuwa hauna maana tena, na wazazi wakaanza kulipa prime ili shule isifungwe. Tangu siku hiyo, opsio ni jambo la bei. Pedagojia inataka chumba, ubao na chaki. Komersiale inataka hivyohivyo, na mashine kama zipo. Biokimia inataka maabara, lakini inawezekana kuchora chupa za maabara ubaoni na kuendelea. Kilimo kinataka ardhi, majembe, mbegu, mifugo, na mwalimu aliyesomea. Huwezi kuchora ng'ombe ubaoni halafu mtoto ajifunze kumchoma sindano. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ilihusu shule ya msingi. Kwenye humanite mzazi bado analipa, na shule bado inahesabu chaki.

Halafu vita vya 1996. Wengi wetu tuna ndugu waliosomea Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huo huko Kigoma. Kule watoto wa Kikongo waliendelea na programu ya Kongo, kwa Kifaransa, katikati ya Tanzania. Wazazi waliishikilia kwa sababu moja: siku ya kurudi, mtoto asirudi bila kitu. Kuanzia 2005 meli zilirudisha watu kwenye bandari ya Baraka, na wengine walishuka na vyeti ndani ya mfuko wa nailoni. Naheshimu sana jambo hilo. Lakini kambini mkimbizi hakuruhusiwa kwenda kulima nje, na shule zilikuwa za chaki kuliko hata huku. Kizazi kizima cha watu wa Fizi kilikua mbali na shamba la wazazi wake.

Je, majirani walifanya nini? Mwaka uleule wa 1967, Exetat ilipoanza kwetu, Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea: kila shule iwe na shamba au mradi, na mtoto asome akijua ataishi kijijini. Baadaye sekondari za Tanzania zikawa na michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Wazo lilikuwa zuri, lakini kwenye shule nyingi shamba likageuka kibarua au adhabu ya mchelewaji, na watoto wakalichukia. Lile jeraha letu la shamba la misheni lilitokea hata kwao. Kenya walishika njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 shule ya Chavakali, magharibi mwa nchi, ilianza kufundisha kilimo kama somo la darasani, na kikaenea. Katika mtihani wao wa kumaliza sekondari, kilimo kikawa somo la kuchagua kama mengine, na mwanafunzi alilima kipande chake kama mradi, akaandika alichofanya, akapewa pointi. Ona tofauti: kipande ni cha mwanafunzi, si cha mwalimu mkuu, na kazi ya mkono inaandikwa, inapimwa, inahesabiwa. Jembe likiwa adhabu linafukuza mtoto. Likiwa na kalamu pembeni, linamfundisha.

Sasa tuje kwa leo. Diploma ya Serikali inamfungulia mtu karibu kila fakulte, bila kujali opsio. Njo maana kwenye agronomia unakuta waliotoka pedagojia, biokimia, komersiale, wote benchi moja. Mlango ni mmoja, lakini mzigo si mmoja. Mwaka wa kwanza ni kemia, hesabu, botania. Aliyekuwa na saa nyingi za kemia anatembea, na aliyekuwa na saa chache anakimbia usiku kucha. Na sisi wote, hata wa biokimia, tulijua kuandika majina ya Kilatini ya mimea kabla ya kujua kwa nini muhogo wa mama zetu unakunja majani.

Chukueni huo muhogo. Ugonjwa wa mozaiki unaonekana kwa jani lenye madoa ya njano, limejikunja, limekuwa dogo. Unabebwa na inzi weupe wadogo, lakini zaidi unabebwa na sisi wenyewe tunapokata miti ya mbegu kutoka shina lenye ugonjwa na kumpa jirani. Mtoto wa mwaka wa nane anaweza kujifunza hayo kwa wiki chache: chagua mashina mazima, weka alama, panda mistari miwili, mmoja wa mbegu safi na mmoja wa mbegu ya kuokota, hesabu majani yenye ugonjwa kila wiki, andika. Hiyo haidai maabara. Inadai kipande cha ardhi, daftari, na mtu wa kuonyesha.

Kwa hiyo nasema mambo mawili.

Kwa wadogo zetu wa mwaka wa nane: musiulize tu jina la opsio. Ulizeni saa ngapi za hesabu na kemia ziko ndani yake kwa wiki. Ulizeni mwalimu wa masomo ya opsio alisomea nini. Ulizeni kama mazoezi yanafanyika au yanachorwa. Halafu wekeni majibu hayo pembeni ya kazi munayoitaka. Kama unataka udaktari au agronomia na shule ya karibu iko na pedagojia peke yake, zungumza na wazazi mapema, kabla likizo haijaisha na makuta ya minervali hayajapangwa. Dada zetu, swali hili ni lenu kama lilivyo la kaka zenu.

Kwa sisi wahitimu: opsio mpya inaombwa na shule kwa wizara, kupitia ofisi za elimu, na hiyo ni safari ndefu. Lakini hakuna kibali kinachohitajika ili mwagronomia, muuguzi, mhasibu na mwalimu wa chama hiki wakae Jumamosi mbili na watoto wa mwaka wa nane, kabla ya kufunga shule, kuwaeleza kila njia inapita wapi. Ile miaka miwili ya 1961 ilikuwa ya kumwelekeza mtoto. Mimi niko tayari kwa Mboko, na mashina safi ya muhogo nitakuja nayo. Nani atachukua Swima? Nani atachukua Makobola?